Kabla hujachagua sheria za gemu ya mezani, kaa kwanza na watu wako

Mtu akitaka kuanzisha gemu ya fantasia ya mezani, ile ya kila mtu na mhusika wake, swali la kwanza huwa ni sheria zipi nzuri. Mi naona uanze na watu wako, wanataka kufanya nini muda mwingi, manake kitu ambacho sheria zinakipima sana ndo wachezaji watakikimbilia. Dungeons & Dragons ilitoka 1974 ikitokea kwenye gemu za vita za vinyago na mpaka leo kurasa nyingi ni mapigano na uchawi. Meza yetu ilitaka manahodha, mizigo, fitina za mjini na visa vya jini kidogo, tukaingia na D&D na jioni tatu zikaisha kwenye mapigano mawili, tulipofika bandarini kuuza mzigo hakuna aliyejua arushe nini. Sheria hazikuwa mbaya, kazi ndo haikuwa yake.

Ukishajua hilo angalia dadu, manake ndo zinaamua mhusika kafaulu au kashindwa, na hapa usipite haraka kabisa. Dadu moja ya pande 20 kila namba ina asilimia 5, yani 1 na 20 zinakuja sawa tu na 10, bahati inaruka sana. GURPS, sheria nyingine za gemu hizi, wanarusha dadu tatu za kawaida, 10 na 11 peke yake zinabeba robo ya mirusho yote na 18 inakuja mara 1 kwenye 216, kwa hiyo fundi anaonekana fundi kweli. Dungeon World, nayo ni gemu ya aina hii, ni dadu mbili, unajumlisha na uwezo wa mhusika, 10 kwenda juu umefaulu, 7 mpaka 9 umefaulu lakini kuna gharama, 6 kushuka msimamizi, yani anayeongoza gemu, anakuletea balaa. Hiyo ya katikati ndo naipenda kuliko zote, umevuka usiku salama ila tanga limechanika na mzigo umelowa, hapo hadithi inajiendesha yenyewe. Na hizi mbili za mwisho dadu za ludo zinatosha, huhitaji kuagiza kitu.

Hela isikuzuie pia. SRD 5.1, yani sheria za msingi za D&D, iliachiwa kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, unaweza kuitafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza kazi yako ilimradi utaje ilikotoka.

Kuhusu lugha, kubalianeni maneno kabla ya siku yenyewe, mkisema "jiokoe" kila mtu ajue anarusha dadu ya kukwepa hatari, la sivyo kila dakika mnasimama kubishana neno.

Sasa kwenye kubadilisha sheria, anza na sura uache hesabu. Mpira wa moto wa mchawi ukawa kimbunga cha jini, madhara yaleyale, hakuna kilichovunjika. Hesabu ukizigusa jua kwanza zimeshikana na nini, mfano D&D mchawi nguvu zake zinarudi akipumzika usiku kamili, lakini safarini mnaweza kupigana mara moja tu kwa siku tatu, kwa hiyo mchawi anamwaga kila kitu kwenye pambano moja na mpiganaji wa upanga anabaki kutazama, na huyo mchezaji ndo anaacha kuja. Sisi tulisema pumziko kamili ni bandarini tu, usiku wa baharini ni pumziko fupi, na ilitulia mara moja. Alaf tukaongeza upepo, kaskazi unakushusha kutoka Uarabuni, kusi unakurudisha, ukichelewa mzigo wako unangoja msimu. Ni mistari miwili kwenye daftari, tukaijaribu vikao viwili kabla ya kugusa kitu kingine, na sasa wachezaji wenyewe ndo wanauliza leo tuko mwezi gani.