Vile utajua kama punguzo la kodi kwa filamu linatusaidia ama linatumaliza

Kila tukisikia filamu kubwa inataka kuja Nakuru tunaambiwa vijana watapata kazi, watalii watajaa, na watu wanapiga makofi kabla ya kuuliza bili inalipwa na nani. Mimi nataka filamu zije, Menengai na Hell's Gate zinatoka poa sana kwa kamera, lakini ukiitwa kutoa maoni kuhusu hii mambo usiende mikono mitupu.

Anza kwa kujua ni kodi ya nani inasamehewa. VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani tunayolipa tukinunua vitu, na kodi ya mapato ni za serikali ya kitaifa, gavana hawezi kuzigusa. Kaunti iko na rates za ploti, kodi ya burudani na ada zake za kibali, basi kama mheshimiwa anaahidi zaidi ya hapo muulize atazitoa wapi.

Halafu uliza kama wangekuja tu hata bila kupunguziwa. Tomb Raider ya pili, ile ya 2003, ilishutiwa sehemu yake Hell's Gate, na prodyusa anayetaka yale majabali hawezi kuyabeba ayapeleke kwingine, kwa hivyo huyo hana haja ya kubembelezwa sana. Lakini kama anatafuta tu barabara ya vumbi na kijiji, hiyo ataipata hata Afrika Kusini, na hapo sasa ndio punguzo linaweza kumgeuza mawazo.

Sasa hesabu, na hapa usikimbie. Chukua mfano tu, filamu itumie milioni 10 na irudishiwe asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5 imetoka kwa mfuko wetu. Uliza kati ya hizo 10 ngapi zinabaki, maana mwigizaji mkubwa anarudi kwao na pesa yake na kamera zinakuja na ndege. Tuseme 4 ndizo zinabaki kwa hoteli, madereva, mafundi wa stima na wapishi. VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani ya hiyo 4 yote inatoa karibu elfu 550, ongeza kodi za mishahara tuseme ifike milioni 1. Bado tumeweka 1.5 ambayo hairudi. Kama watu 30 walipata kazi ya wiki mbili, kila kazi imetugharimu elfu 50, na hiyo elfu 50 ingefanya nini kwa chuo cha ufundi? Kama vijana waliachwa na ujuzi wa taa na sauti ambao watautumia tena mwaka ujao mimi nitasema sawa, kama walikuwa wa kubeba viti tu, hapana.

Angalia pia punguzo limetengenezwa aje. Georgia kule Marekani wanatoa asilimia 20, na 10 zaidi ukiweka nembo yao kwa filamu, na kampuni isiyo na kodi ya kulipa hapo inaruhusiwa kuuza hiyo haki kwa mwingine, yaani mtu hajawahi kushika kamera anapunguziwa kodi yake. Hiyo tukatae kabisa. Michigan, jimbo lingine huko huko, walianza punguzo lao 2008 wakifika hadi asilimia 42, wakalifunga 2015.

Kitu nakusihi uitetee kuliko zote ni pesa irudishwe baada ya risiti, na baada ya watu wa hapa kulipwa. Mimi niliwahi kupikia kru moja Naivasha siku 9, chai saa kumi alfajiri, nyama, mchele, gesi yote yangu, nikalipwa baada ya miezi 4 na duka lilikuwa limeshanikatia mkopo. Kampuni kama hiyo isiguse hata shilingi ya umma kabla mama wa jikoni, dereva na mwenye tenti kusaini kwamba wamepokea chao.

Ukitaka ushahidi, Katiba kifungu cha 210 kinasema kodi haisamehewi bila sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake kwa rekodi ya umma na Mkaguzi Mkuu aambiwe. Andika barua uombe hiyo rekodi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, ofisi uliyoiandikia iko na siku 21 za kukujibu. Barua ipigwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na kopi, na kopi nyingine umpelekee MCA wako, yule mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, kabla ya kikao cha maoni.