Somo: Kupanga umeme wa taa za Krismasi nje ya nyumba

Ndugu zangu, mabasi yakishaanza kushusha watu Moshi kwa ajili ya sikukuu, kila boma linataka kuwaka. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa mjini, na simu ninazopokea wiki ile zinafanana: taa ziliwashwa, mvua ikanyesha, meni swichi ikazima. Hizo ni simu nzuri. Inayonitia hofu ni nyumba ambayo maji yameingia na meni haikuzima.

Ndiyo maana somo hili litakaa zaidi kwenye maji kuliko kwenye mzigo, yaani kiasi cha umeme kinachotumika. Taa za LED zinakula umeme kidogo sana.

Hatua ya 1: Chora kabla ya kununua

Simama getini jioni ukiwa na karatasi. Weka alama mahali soketi ilipo, mti unaotaka kuupamba, baraza na geti, kisha pima umbali kwa hatua za miguu. Chora pia waya unaotoka kwenye nguzo ya TANESCO kuja nyumbani kwako. Waya huo haufungwi pambo lolote, na ngazi ya chuma isiusogelee.

Hatua ya 2: Jumlisha wati

Soma kibandiko cha kila taa. Mfano wa nyumba moja ya Kiboriloni: nyuzi 12 za LED za wati 8 ni wati 96, taa mbili za kumulika za wati 30 ni 60, nyota ya getini ina balbu ya wati 9. Jumla ni wati 165. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 0.7. Zile nyuzi za zamani za vibalbu vya moto zinaweza kula wati 40 kila moja, kwa hiyo 12 tu zinafika 480.

Kibandiko kinaonyesha pia nyuzi ngapi zinaruhusiwa kuunganishwa mkia kwa kichwa. Usizidishe. Na kwenye plagi toa fyuzi ya ampea 13, weka ya ampea 3. Hiyo inabeba hadi wati 690, na waya mwembamba wa taa ukipata shoti fyuzi itakatika mapema.

Hatua ya 3: RCD, na hapa msinipite haraka

Sakiti breka ya ampea 10 inalinda waya usiungue. Haikulindi wewe. Umeme wa kusimamisha moyo ni sehemu ndogo ya ampea moja, na breka hiyo haiuoni kabisa. RCD, kifaa cha kukata umeme unaovuja, inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukivuja kiasi cha miliampea 30 (ampea 0.03), kwa mfano kupitia mwili wa mtoto aliyeshika waya uliochubuka huku amekanyaga majani mabichi, inakata chini ya nusu sekunde.

Fungua ubao wako wa swichi utafute kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze: umeme ukate hapo hapo. Kama hakikati, au hakipo, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akufungie kabla ya kutoa hata taa moja nje. Ukipungukiwa fedha, punguza taa ununue RCD. Na ikishafungwa bado usichezee waya ulio na umeme: ukishika laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, RCD haina namna ya kukutambua.

Hatua ya 4: Soketi na plagi

Soketi ya nje iwe na mfuniko na alama ya IP44 angalau, maana yake inahimili maji yanayoruka kutoka kila upande. Kama huna, plagi ibaki ndani na kebo itoke kwa njia isiyobanwa na mlango au dirisha.

Taa nyingi za madukani zina plagi ya pini mbili, na watu wanachomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili iingie. Tafadhali acheni. Plagi inakaa legelege, inapata moto, na soketi inaungua polepole. Nunua adapta yenye fyuzi.

Hatua ya 5: Kebo na viungo

Ekstensheni ya roli ikunjuliwe yote, kwa kuwa ikibaki imeviringwa inajipasha joto yenyewe. Kiungo cha nje kining'inizwe juu ya ardhi, ndani ya kopo la plastiki lililofudikizwa. Usikifunge ndani ya nailoni iliyobana, inakusanya jasho. Acha kebo ishuke kidogo chini ya plagi ndipo ipande, ili maji ya mvua yadondokee kwenye lile pinda.

Hatua ya 6: Kufunga

Tumia vifungo vya plastiki, si misumari. Mwaka jana niliitwa Uru, nyumba ambayo waya wa taa ulipitishwa juu ya ukingo wa bati. Upepo uliusugua mpaka mpira ukakatika, na bati lote na gata vikawa na umeme. Chini ya gata palikuwa na ndoo ya kukingia maji. Waya upite kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, mbali na ncha za bati.

Maswali ya wanachama

*Shangazi ametuletea taa kutoka Marekani. Nikibadilisha plagi zitawaka?*
Zitawaka na kuungua, dada. Kule umeme ni volti 120. Kama kibandiko cha adapta yake kinasema 100–240V, hapo ni plagi tu. Vinginevyo unahitaji transfoma ya kushusha volti, nayo ikae ndani.

*Mwalimu, niko kwenye kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi. Nitavuka?*
Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 165 kwa saa 6 ni karibu uniti 1 kwa usiku. Kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 31 ni usiku 17, yaani uniti 17 hivi. Angalia matumizi yako ya kawaida, kwa kuwa zinazozidi 75 zina bei ya juu. Ukiweka taima izime saa 4 usiku, unaokoa zaidi ya theluthi.

*Sisi Rombo mbuzi wa sikukuu anafungwa karibu na masale (mimea ya uzio), na waya unapita hapo.*
Mhamishe mbuzi, kaka. Atatafuna. Kama hakuna pengine, pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, au juu asikofika.

*Umeme ukikatika, jirani anachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Na mimi nifanye hivyo?*
Hapana, na umwambie jirani leo. Umeme huo unarudi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaani inaupandisha hadi maelfu ya volti. Aliyepanda kutengeneza laini anaamini imezimwa. Plagi ya pili nayo ina pini zenye umeme mkononi mwako. Funga swichi ya kubadilishia kati ya TANESCO na jenereta, au chomeka taa moja kwa moja kwenye jenereta kupitia RCD ya kuchomeka, jenereta ikae nje, moshi wake usielekee dirisha la wanaolala.