Kupanga safari ya kupanda mlima na watu wenye pumzi tofauti huku kanda ya kati

Kama unapanga kupeleka watu mlimani, iwe wanakwaya, wafanyakazi wenzako au ndugu waliokuja Dodoma likizo, usianze kwa kuchagua mlima. Anza na yule mwenye pumzi ndogo kuliko wote, alafu mlima utafuata. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaona picha nzuri ya kilele wanatangaza kwenye grupu, watu wanachanga hela, siku ya safari ndo inagundulika mama mmoja ana presha na kijana mwingine hajawahi kutembea hata saa moja mfululizo.

Na haya mambo usiyaulize kwenye grupu, nakuomba sana. Hamna mtu atakayeandika mbele ya watu thelathini kwamba ana kisukari au ana mimba changa. Mpigie mmoja mmoja. Muulize mara ya mwisho kutembea masaa mawili bila kupumzika ilikuwa lini, goti na mgongo vikoje, ana pumu, presha, sukari, anatumia dawa gani. Mtu mzima muulize kwa heshima yake, "shikamoo mama, naomba nikuulize kidogo kuhusu afya ili tupange vizuri", atakuambia vyote. Mwenye maumivu ya kifua au presha isiyotulia aonane na daktari kwanza. Mwenye pumu inhela ikae mfukoni mwake mwenyewe, sio kwenye begi lililobaki kwenye gari. Mwenye sukari awe na kitu kitamu karibu na aseme mapema kwa angalau mtu mmoja watakayetembea naye.

Wiki mbili tatu kabla, wapeleke kwenye kilima kidogo. Dodoma tumezungukwa na vilima vya mawe kwahiyo hamna sababu ya kuacha hii hatua, ila uliza kwanza serikali ya mtaa maana vingine vina minara au ni maeneo yasiyoruhusiwa. Pandeni asubuhi na mapema, wewe kaa nyuma uangalie. Kipimo ni rahisi: ongea nao wakiwa wanapanda. Anayejibu sentensi nzima yuko sawa, anayejibu neno moja moja akihema mwendo umemzidi, na huyo ndo utakayempangia safari yote.

Sasa mlima wenyewe. Kwa kundi lenye wazee, watoto au watu wanaoanza, mimi ningewapeleka Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini kwenye barabara ya kwenda Babati. Ile michoro ya miambani iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka 2006, unalipia ofisini pale Kolo na unapewa muongozaji, kupanda kwenyewe ni kufupi japo kuna sehemu kali, na asiyeweza kufika pango la juu bado ana mengi ya kuona. Walioshazoea kutembea wajaribu Kiboriani juu ya Mpwapwa, kuna msitu na baridi yake, ila chukueni mwenyeji maana njia za kuni na za mifugo zinaweza kuwapoteza.

Mlima Hanang, kule mkoani Manyara, ni habari nyingine kabisa. Kilele kiko kama mita 3,420, na Katesh mnakoanzia iko kwenye mita 1,700 hivi, yaani mnapanda kama mita 1,700 na kuzishuka zote. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, Naismith, ya 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwahiyo mwinuko peke yake unakula karibu masaa matatu juu ya muda wa kutembea, na hiyo ni kwa mtu mwenye mazoezi asiyepumzika. Kundi mchanganyiko ongezeni nusu yake au zaidi. Kwenda na kurudi siku moja inaweza kumaliza masaa kumi au kumi na mawili, na mkifika kwenye mgongo wa mlima mkadhani mmemaliza bado kuna kipande kirefu cha mawe mpaka kilele chenyewe. Kama kuna wenye wasiwasi laleni huko usiku mmoja, au wekeni lengo la kufika mgongoni tu. Juu ya mita 2,500 mwili unaanza kuhisi hewa nyepesi, na mtu akiumwa kichwa sana, akitapika au akayumba kama mlevi anashushwa hapohapo, hamna kusubiri apate nafuu.

Msimu nao uangalieni. Huku mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili hivi, na katika miezi hiyo mimi nasema Hanang muiache. Desemba 3, 2023 sehemu ya mlima ule ilimeguka baada ya mvua kubwa, tope na mawe yakashuka mpaka Katesh na watu zaidi ya 80 wakafariki. Hata vilima vya karibu, korongo ulilovuka asubuhi likiwa mchanga mtupu jioni linaweza kuwa mto. Juni mpaka Agosti ndo pazuri, ila kuna upepo na baridi ya asubuhi, bebeni sweta. Oktoba na Novemba jua linachoma vibaya, mkitoka muwe mmeshuka kabla ya saa sita. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) usomeni siku moja kabla.

Maji watu wanabeba kidogo sana. Hewa yetu kavu jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anadhani hajapoteza kitu. Lita 3 kila mtu kwa siku ya kawaida, Hanang 4 au 5, na msitegemee kupata maji huko juu. Bebeni na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, au tengenezeni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Karanga, ndizi na viazi vitamu vinatosha kabisa kwa chakula.

Mkianza kutembea, wa mbele aende mwendo wa aliye dhaifu, na nyuma awepo mtu mmoja mwenye nguvu na subira ambaye hamna mtu anayebaki nyuma yake. Kuna jambo moja linaumiza sana waliochoka: wenye kasi wanakaa wanasubiri, yule wa mwisho akifika tu wao wanasimama wanaondoka, kwahiyo aliyechoka kuliko wote ndo pekee asiyepumzika. Dakika za kupumzika zihesabiwe kuanzia wa mwisho alipokaa. Kama kundi ni kubwa ligaweni toka mwanzo, kila kundi na muongozaji wake, na anayerudi asirudi peke yake.

Saa ya kugeuka ipangeni mkiwa chini na kila mtu aijue. Mkianza saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana mnageuka popote mlipo, hata kilele mnakiona. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia haraka, na kuteleza kwingi ni kwenye kushuka miguu ikiwa imeshaisha nguvu. Fimbo isaidie magoti, raba ziwe zilizokwisha kuvaliwa, na tochi kila mtu hata kama mnarudi mchana.

Nyuki wanakaa kwenye mawe, msijipulizie manukato wala kutupa mawe kwenye mapango. Aliyeumwa na nyoka atulizwe asitembee, msichanje wala kukaza kamba, abebwe mpaka hospitali.

Kabla hamjaondoka mwachieni mtu mmoja mjini majina yote, njia mtakayopita na saa ya kurudi, na mkubaliane saa ambayo akiwa hajawasikia anaanza kupiga simu: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji. Mkishuka mpigieni kabla hata ya kuvua viatu.