Ng'ombe anakohoa na unataka kumpa mitishamba? Zingatia haya kwanza

Siku hizi kila mfugaji ana mmea wake wa kikohozi cha ng'ombe, mara mwarobaini, mara shubiri, mara kitunguu saumu na tangawizi, na mtu akisikia tu kwamba wataalamu wamekuta mmea fulani unazuia virusi basi jioni hiyo hiyo sufuria iko jikoni. Sipingi mitishamba, nimekua nikiona ikitumika. Lakini kuna mambo ukiyaruka unapoteza mnyama, tena mnyama ambaye pengine angepona mwenyewe.

Pima joto. Kipimajoto hakina gharama kubwa na kinaingia njia ya haja kubwa, ng'ombe mzima mwenye afya yuko kwenye 38 hadi 39 na pointi kidogo, akifika 40 ana homa hata kama bado anakula.

Jua anakohoa kwa sababu gani, maana si kila kikohozi ni virusi. Ndigana kali inaletwa na kupe na ikikomaa mapafu yanajaa maji, ng'ombe anahema kwa shida, povu linatoka puani, na watu wanasema ni mafua tu. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega, ukikuta matezi yamevimba ita bwana mifugo leo, usisubiri kesho, hapo inatakiwa buparvaquone, dawa ya ndigana kali, na ukichelewa haimsaidii tena. Kuna minyoo ya mapafu, hasa kwa ndama wanaochunga kwenye majani mabichi. Kuna homa ya mapafu ile inayoambukiza kundi zima, hiyo ni bakteria na sheria inakutaka utoe taarifa. Virusi navyo vipo, IBR, BVD, BRSV na PI3 (ni majina ya kifupi ya virusi vya ng'ombe), vinajeruhi njia ya hewa au vinashusha kinga ya mwili halafu bakteria wanaingia nyuma yake, na sindano ya OTC (oxytetracycline, antibiotiki) anayochomwa inapiga hao bakteria, virusi haivigusi.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika na mimea, na wana sababu nzuri. Ila elewa wanachofanya. Sehemu kubwa ya majaribio hayo yanafanyika kwenye vyombo vya maabara, wanaotesha seli, mara nyingi za figo ya ng'ombe, wanaweka virusi, wanaweka dondoo ya mmea, yaani dawa iliyotolewa kwenye mmea, halafu wanaangalia kama seli zinapona, na lazima wapime pia kama dondoo yenyewe haiui seli. Hapo hakuna ng'ombe. Wewe unamnywesha mnyama ambaye tumbo lake kubwa linabeba lita 100 na zaidi, limejaa vijidudu vinavyomeng'enya kila kinachoingia, sasa nani amekuhakikishia kwamba kile kilichozuia virusi kwenye chombo kitafika kwenye mapafu? Na chai ya majani uliyochemsha kwa kukisia haina kipimo kama dondoo ya maabara.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: jinsi ya kunywesha. Jirani yetu mmoja kule Tukuyu alikuwa na mtamba mzuri, mimba ya kwanza, akaanza kukohoa msimu wa baridi, kikohozi chepesi, anakula, anacheua. Wakachemsha mwarobaini na vitunguu saumu wakajaza chupa ya soda, vijana wawili wakamshika, mmoja kaingiza vidole puani akavuta kichwa kikaelekea juu kabisa, mwingine kavuta ulimi pembeni, chupa ikamiminwa yote. Yule mtamba akakohoa katikati, kifua kikawa kinakoroma, wao wakaona dawa inafanya kazi wakaongeza chupa ya pili. Baada ya hapo akaacha kula, pumzi ikaanza kunuka kitu kilichooza, bwana mifugo akachoma sindano mpaka basi, akafa na mimba yake. Alipopasuliwa, pafu upande wa mbele lilikuwa jeusi, linanuka, na ndani ya vijia vya hewa mna vipande vya majani. Vya mwarobaini ule ule. Mzee mwenye mtamba alisimama pale anaviangalia hakusema kitu.

Kwa hiyo ukinywesha, kichwa kiwe usawa wa mgongo, pua isipande juu ya macho, ulimi uachie ndio anaomezea, mimina kidogo kidogo kwenye kona ya mdomo, akikohoa mwachie kichwa papo hapo. Na anayehema kwa shida au aliyelala hawezi kuinuka usimnyweshe kitu chochote kabisa, hata maji.

Mengine kwa haraka. Vitunguu vingi vinaharibu damu ya ng'ombe, ukiona mkojo unageuka mwekundu acha mara moja. Lantana ile ya kwenye ua inaharibu ini, isiguse sufuria yako. Tumbaku ni sumu. Mwenye mimba mwache. Maziwa ya anayetibiwa usipeleke kwenye kituo cha kukusanyia, kitunguu saumu kinaingia kwenye maziwa mpaka harufu inasikika, na mimea mingine hakuna aliyepima inakaa mwilini siku ngapi. Andika ulichompa na saa uliyompa ili bwana mifugo akija asikisie. Mtenge na wenzake, banda lipitishe hewa, mkojo usituame maana ile harufu kali inawasha mapafu, na wakianza kukohoa wawili watatu kwa pamoja usipeleke hata mmoja mnadani, wala usiazime dume la jirani, subiri kwanza ijulikane ni nini.