Mtoto na tumbo la kuharisha visiwani Lamu: ya kuweka tayari kabla ya usiku

Mtoto akianza kuharisha saa nane za usiku Faza au Kizingitini, duka la dawa limefungwa, na kama maji yametoka, mashua ya kwenda Amu, mji wa Lamu, itangoja mkondo wa bahari wa Mkanda ujae. Saa hizo chache zinatosha kumkausha mtoto. Kwa hivyo kinachotayarishwa kwanza si dawa ya kuua vijidudu, ni maji ya kumrudishia.

Weka pakiti 4 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) pamoja na vidonge vya zinki katika kopo lenye kifuniko, maana unyevu wa pwani hugandisha unga. Kisha soma pakiti zenyewe: ziko za nusu lita na ziko za lita moja, na hapa ndipo wengi hukosea. Ya lita ukiitia kwenye nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anazidi kukauka. Ya nusu lita kwenye lita nzima haina nguvu. Chupa tupu ya maji ya dukani ya mililita 500, iliyooshwa vizuri, ndiyo iwe kipimo. Maji yachemshwe na kupoa kabla ya kutia unga, yawe ya kisima, ya jabia (tangi la maji ya mvua) au ya birika (tangi la maji la nyumbani). (Samaki wa birika hula viluwiluwi vya mbu, bakteria hawawali.) Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga.

Pima na kikombe cha kahawa: kikijaza chupa hiyo kwa mara 10, kimoja ni mililita 50. Aliye chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa wake 100 hadi 200, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole zaidi. Ziwa la mama lisikatwe. Madafu hayashiki nafasi ya ORS, kwani yana sodiamu kidogo. Soda ndiyo mbaya kabisa, sukari yake huvuta maji yaingie tumboni. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, nusu yake kwa mdogo zaidi, siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshatulia.

Sasa antibiotiki, dawa za kuua bakteria. Kuharisha maji kwa watoto wadogo mara nyingi ni virusi, na antibiotiki haivigusi. Salmonela na kampilobakta, bakteria wa kuku, mayai na maziwa mabichi, kwa kawaida huisha wenyewe kwa mtoto mwenye afya. Kipindupindu humtoa mtoto maji kama ya kuoshea mchele: maji kwanza, antibiotiki baadaye. Choo chenye damu hudhaniwa kuwa shigela, bakteria wa kuhara damu, mpaka ithibitike vinginevyo, na huyu hutibiwa: siprofloksasini, miligramu 15 kwa kila kilo, mara 2 kwa siku, siku 3, kwa maagizo ya kliniki. Usijianzishie, kwa sababu kuna aina ya bakteria E. koli anayetoa damu vilevile, na antibiotiki yaweza kuongeza hatari ya kuharibu figo. Ile chupa ya metronidazoli iliyobaki tangu mwaka jana ni ya vimelea vya amiba na jiadia, wala haiui shigela. Dawa za kufunga tumbo mtoto hapewi.

Namba ya nahodha anayekubali kutoka usiku iandikwe mapema, na petroli iwepo. Anapelekwa akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakizama, akilegea na kusinzia, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Mashuani endelea kumnywesha kutoka chupa ileile. Na kijitabu cha kliniki kisisahauliwe: uzito wake umeandikwa humo, na kila dawa atakayopewa huhesabiwa kwa kilo.