Kupiga hema za vijana karibu na Goma

Kituo kinachowapeleka vijana kulala nje kianze na hewa, kabla ya chakula na michezo. Mazuku ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Haina rangi, tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea mji wa Sake, mkague kwa makini zaidi. Waulizeni kwanza wachunga mbuzi wa hapo. Mkikuta ndege au panya waliokufa, ondokeni. Msishuke shimoni kupima kwa kiberiti: kikizimika, gesi tayari inatosha kumwangusha mtu, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye.

Hema zikae mahali palipoinuka. Vigingi haviingii kwenye lava, yaani mwamba wa volkano ulioganda, basi fungeni kila kamba kwenye jiwe la kilo 10 hivi, mkizungushia kitambaa panapogusana, la sivyo kamba husagika na kukatika. Chini tandikeni shitingi (turubai la plastiki) iliyokunjwa mara mbili.

Choo nacho kiwe juu, kijana asije akashuka bondeni gizani.