Kibomba cha oili juu ya kemshafti: namna ya kukitunza kwenye BMW ya zamani

Kama unaendesha BMW yenye injini ya M30, ile ya silinda sita iliyofungwa kwenye E28 na E34 (matoleo ya zamani ya 5 Series), chini ya kifuniko cha tapeti, yaani kile cha juu ya injini, kuna kibomba chembamba ambacho nakusihi ukijue. Kina vitundu vinavyorushia oili nundu za kemshafti, ule mhimili unaozunguka na kufungua vali za injini, na kimeshikwa na bolti mbili tu. Bolti hizo hulegea kwa joto na mtikisiko. Zikilegea, oili inavujia pembeni, nundu na roka (vikono vinavyosukumwa na nundu ili kufungua vali) zinasagana kavu.

Foleni zetu za Dar zinazidisha tatizo. Ukisimama Buguruni jua la mchana, injini imechemka na hukanyagi mafuta, presha ya oili ndiyo iko chini kabisa. Kibomba kilicholegea hapo hakirushi kitu.

Mafundi wengi wakisikia mlio wa tiki-tiki juu ya injini wanakimbilia kurekebisha tapeti, yaani nafasi kati ya roka na vali. Mlio unapungua, kisha unarudi, maana nundu bado inaliwa. Mimi sigusi tapeti kabla ya kukagua kibomba.

Injini ikiwa ya baridi, piga brashi vumbi lote juu ya kifuniko kabla ya kukifungua. Mchanga ukidondoka ndani umeongeza kazi. Zishike bolti za kibomba kwa mkono. Ikizunguka hata moja, jibu umeshalipata.

Kabla ya kukitoa, weka alama kimeelekea wapi, kwa sababu kikirudi kimegeuka vitundu havitalenga nundu. Kioshe kwa petroli, pitisha waya mwembamba kila kitundu, kisha upepo wa kompresa. Usitumie kekee hata kidogo: kitundu kimoja kikipanuka vingine vinakosa oili.

Washa, zile pete bapa za kuziba pale bolti inapobana kibomba, ziwe mpya, juu na chini. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani zinapatikana kwa bei ndogo. Bolti zina uwazi katikati na hukatika upesi, kwa hiyo kaza kwa spana fupi, taratibu. Ukiweka gundi ya bolti, tone moja kwenye nyuzi, mbali na tundu la oili.

Sasa jaribu. Chomoa rilei (swichi ya umeme) ya kompyuta ya injini ili injini isiwake, mwenzako apige stata, nawe utazame: kila nundu lazima ipate oili. Isiyopata, rudi kwenye waya na upepo.

Wakati wa kufunika, tumia gasketi mpya. Silikoni inayopakwa kama siagi hukatika vipande, na vipande hivyo huishia kuziba njia za oili.

Narudia ukaguzi huu kila badiliko la pili la oili, yaani kama kilomita 10,000. Ukipitisha ukucha kwenye nundu ukakwama, kibomba peke yake hakitoshi tena: badilisha kemshafti pamoja na roka zake, na kwenye M30 hiyo kwa kawaida ni kazi ya kushusha hedi, yaani kichwa cha injini.